Kuchonga Upinde wa Kwanza kwa Mti wa Mkole

Upinde wa kuwindia wa Afrika Mashariki, uwe wa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wa Wakamba au wa Wawata wa nyika ya Tsavo, ni kipande kimoja cha mti kisichounganishwa kwa gundi wala kuongezewa pembe. Mkato wake ni wa mviringo au unakaribia mviringo, na unapovutwa hupinda mwili mzima, tofauti na pinde za viwandani ambazo katikati yake hubaki imekakamaa. Umbo hilo linamfaa sana anayeanza, kwa sababu halihitaji zaidi ya shina moja zuri, zana chache za mkono na subira.

Mwongozo huu unalenga upinde wa urefu wa sentimita 170, unaovutwa hadi sentimita 65 kwa nguvu ya kilo 15 au 16. Wawindaji wazoefu huvuta pinde za kilo 30 na zaidi, na wengi wanaochonga kwa mara ya kwanza hutamani nguvu hiyo hiyo. Ni tamaa inayovunja pinde nyingi kuliko ubovu wa mti. Upinde mrefu na mwepesi husamehe makosa ya mkono mchanga. Mfupi na mgumu hausamehi. Kanuni ya kushika ni kwamba urefu wa upinde usipungue mara mbili na nusu ya urefu wa mvuto.

Kabla ya shoka kuna sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni, na kuingia na upinde katika hifadhi bila kibali kunaweza kukupeleka mahakamani hata kama hujalenga kitu. Kwa hiyo upinde huu, ingawa una umbo la kuwindia, utatumika kwenye shabaha ya gunia nyuma ya nyumba, isipokuwa kwa mtu mwenye kibali halali. Habari za sumu ya mishale hazimo humu kabisa. Usichonge mti usioujua jina, kwani baadhi ya miti ya porini, msunguti ukiwa mmojawapo, ina sumu kali.

Kuchagua shina

Mkole ni mti mdogo wa nchi kavu, unaopatikana Dodoma, Singida, Manyara, Taita na Ukambani, mara nyingi pembezoni mwa mashamba. Jani lake ni la kijani upande wa juu na jeupejeupe upande wa chini, maua yake ni ya manjano, na vitunda vyake huliwa na watoto na ndege. Wahadzabe huutumia kwa pinde, na wafugaji huutumia kwa fimbo, kwa sababu nyuzi zake ni ndefu, ngumu na hazikatiki upesi. Jambo linalomfaa zaidi mwenye shamba ni kwamba mkole ukikatwa huchipua tena kutoka kisikini, na machipukizi yake, yakiwa yamesongamana na kushindania mwanga, hunyooka kwenda juu bila matawi mengi. Mtu anayekata mashina mawili leo na kukiacha kisiki kiwe hai atakuwa na mashina mengine miaka michache baadaye.

Asiye na mkole anaweza kutumia mfurusadi, ambao pia huchipua vizuri na una mti wenye unyumbukaji mwingi, au mpera, ambao ni mgumu sana lakini ni nadra kuupata ulionyooka kwa urefu unaotakiwa. Mwembe na mgrevilea iachie mafundi wa samani.

Shina linalofaa lina unene wa sentimita 5 hivi na urefu usiopungua mita 2, ili kila upande ubaki na kipande cha ziada kitakachopasuka wakati wa kukauka bila kuathiri upinde. Litazame kwanza kutoka chini kwenda juu likiwa bado limesimama. Mifereji na nyufa za gome hufuata njia ya nyuzi za ndani. Zikizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, nyuzi nazo zimezunguka, na upinde wake utajisokota kila unapovutwa. Kisha lizunguke shina ukitafuta upande mmoja wenye vifundo vichache zaidi. Upande huo ndio utakaokuwa mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama shabaha. Iwapo shina limeinama kidogo, upande wa juu wa mwinamo ndio ninaoupendelea kwa mgongo, mradi hauna vifundo, kwa maana upande huo umekwisha kuzoea kuvutwa.

Kuna shauri la kukata wakati wa kiangazi, kwa sababu mti una maji machache na utakauka mapema. Shauri hilo ni sahihi kwa ukaukaji, lakini kwa upinde wa kwanza naona ni afadhali kukata mvua zinapoanza na mti unapochipua majani. Wakati huo gome hubanduka kwa vidole, likauacha mgongo ukiwa laini na mzima, bila kisu kuugusa hata mara moja. Mti uliokatwa kiangazi gome lake hung'ang'ania, na mtu asiyezoea huishia kukwangua nyuzi za juu pamoja na gome. Kata kwa msumeno, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, mkato ukiwa wa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki.

Mgongo usiguswe

Upinde unapovutwa, nyuzi za mgongo hutanuka na nyuzi za tumbo, yaani upande unaomtazama mpigaji, hubanwa. Tumbo likizidiwa hukunjamana taratibu na kukupa onyo. Mgongo hauonyi. Uzi mmoja ukikatwa kwa kisu au kwa tupa, nguvu yote ya kutanuka huifuata ncha ile iliyokatwa, huuinua uzi kama kibanzi, na kibanzi hicho hukimbia hadi upinde ukatike vipande viwili. Ndiyo sababu kazi yote ya kupunguza mti hufanyika tumboni na ubavuni, na mgongo hubaki kama ulivyoumbwa chini ya gome, pamoja na mabonde na vilima vyake vidogo. Kifundo kilichopo mgongoni kisisawazishwe. Kiache kimeinuka, na ubavuni mwake ongeza upana kidogo ili nyuzi zinazokizunguka zisikatwe.

Kukausha

Shina zima likiachwa likauke na moyo wake ndani, nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, na lazima lipasuke mahali fulani ambapo hukupachagua. Kwa hiyo siku hiyo hiyo ya kubandua gome, chukua shoka au tezo, upunguze upande wa tumbo kwa urefu wote hadi ukaribie moyo wa shina, ukibakiza unene wa sentimita 3 na nusu hivi. Mti unapata nafasi ya kusinyaa, na nyufa zikitokea zitakuwa tumboni, kwa urefu, mahali ambapo hazina madhara makubwa.

Paka rangi ya mafuta au gundi ya mbao katika ncha zote mbili zilizokatwa, kwa sababu maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia ncha. Paka gundi nyepesi mgongoni pia kama unaishi mahali penye jua na upepo mkali. Kisha lifunge shina juu ya ubao ulionyooka kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka mpira wa baiskeli, na ulilaze kivulini, mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na ardhi. Lichunguze mara kwa mara kama kuna unga mwembamba unaodondoka, maana hiyo ni dalili ya bungua, mdudu anayetoboa mbao. Kubandua gome mapema hupunguza sana tatizo hilo.

Muda wa kukausha hautabiriki kwa kalenda, kwa sababu Dodoma si Tanga. Pima uzito wa shina kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike juu ya mti wenyewe kwa penseli. Uzito utashuka kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, na utakaposimama palepale kwa wiki mbili au tatu mfululizo, mti umelingana na hewa ya mahali pako. Kwa shina lililopunguzwa tumbo, hilo huchukua takriban miezi miwili hadi minne. Mti uliochongwa ukiwa mbichi utapinda vizuri siku ya kwanza, kisha utabaki umepinda hata ugwe, yaani kamba ya upinde, ukiondolewa, na nguvu yake yote itakuwa imekwisha. Anayeishi pwani na ahifadhi shina juu, chini ya paa la bati penye hewa, wiki ya mwisho kabla ya kuchonga.

Kuchora na kuchonga

Kata shina libaki sentimita 170 na utafute katikati. Vuta uzi ulionyooka kutoka ncha hadi ncha mgongoni, uweke alama ya penseli kila baada ya kiganja kimoja, na uunganishe alama hizo. Iwapo shina lina kombo dogo la upande, mstari ufuate kombo pamoja na nyuzi za mti, wala usilazimishwe kunyooka. Kinachotakiwa ni ugwe upite juu ya mshiko. Njia ya kati ya hapo na ncha inaweza kuyumba.

Katikati acha sentimita 10 za mshiko, unene wake uwe sentimita 3 hivi. Kutoka hapo upana uwe sentimita 4 hadi nusu ya kila mkono wa upinde, yaani sehemu iliyo kati ya mshiko na ncha, kisha upungue taratibu hadi sentimita moja na nusu nchani. Unene wa tumbo uanze na sentimita 2 na nusu karibu na mshiko na ushuke bila kuruka hadi sentimita 1.6 nchani. Hivi ni vipimo vya kuanzia tu, vikiwa vimebakizwa vinene kwa makusudi, kwa sababu shina mbili za mkole zenye unene sawa hazipindi sawa.

Tezo na panga vinafaa mpaka ubakize milimita 5 hivi kabla ya mstari. Baada ya hapo weka zana za kukata chini na utumie tupa ya mbao yenye meno makubwa, ukiwa umeubana upinde kwenye jiliwa lililozungushiwa kitambaa, au umeukalia juu ya benchi. Kingo za mgongo na za tumbo zizungushwe kidogo kwa tupa laini, kwa maana kingo kali ndiko vibanzi vinakoanzia.

Sasa simamisha ncha moja sakafuni, shika mshiko kwa mkono mmoja na ncha ya juu kwa mkono mwingine, na usukume mshiko mbele kidogo. Utahisi mkono wa upinde ukinyumbuka au ukikataa. Punguza tumbo la mikono yote miwili, kwa mipigo sawa ya tupa, mpaka kila mmoja unyumbuke kwa sentimita 7 au 8 bila wewe kutumia nguvu nyingi. Hapo chonga mapengo ya ugwe sentimita 2 kutoka kila ncha. Yachongwe ubavuni tu, kwa mshazari unaoelekea tumboni, kwa tupa nyembamba ya duara. Mgongoni pasipite hata mchubuko.

Kusawazisha mpindo

Sehemu hii ndiyo inayoufanya mti kuwa upinde, na mtu akiipa nusu ya muda wake wote hajapoteza kitu. Tayarisha ubao wa urefu wa mita moja, wenye kitako cha kupokea mshiko juu, na meno ya kushikia ugwe kila baada ya sentimita 5 kwenda chini. Tia ugwe mrefu, uliolegea kiasi cha kufika mapengo yote mawili bila kupinda upinde, uweke upinde juu ya ubao, vuta ugwe hadi jino la kwanza, kisha rudi nyuma hatua tatu uutazame. Ukuta uliochorwa mistari ya chaki kwa usawa husaidia sana, kwa kuwa jicho hudanganyika kirahisi na kombo za asili za mti.

Unatafuta tao moja lisilo na pembe. Mahali panapopinda kuliko majirani zake pana hatari, na usipaguse tena. Mahali palipokakamaa ndipo pa kukwangua. Kupatambua kuna kifaa kidogo kinachofanya kazi vizuri kuliko jicho: chukua kipande cha mbao bapa cha urefu wa sentimita 12, kitoboe katikati, na uingize penseli itokeze upande wa pili kiasi kidogo tu. Upinde ukiwa umevutwa ubaoni, kiburuze kipande hicho tumboni kutoka mshiko hadi ncha. Tumbo la upinde uliovutwa ni tao la ndani, hivyo panapopinda sana penseli huning'inia bila kugusa, na palipokakamaa penseli hugusa na kuacha mstari. Irekebishe penseli mpaka iache mistari sehemu mbili au tatu tu, ushushe ugwe, ukwangue mistari hiyo mpaka ifutike, kisha upime tena.

Kwa kukwangua, kisu kilichosimamishwa wima na kuvutwa kuelekea kwako kinatosha, na kigae cha chupa ni kizuri zaidi, mradi uvae glavu. Kigae chenye makali hutoa nyuzi nyembamba zinazojikunja, na huondoa mti kidogo kiasi kwamba ni vigumu kupitiliza. Kikianza kutoa vumbi badala ya nyuzi, kimechakaa; vunja kingine.

Kila baada ya kukwangua, vuta ugwe mara 30 hadi mahali ulipokuwa umefika, kwa sababu mti hauonyeshi mabadiliko papo hapo. Funga mizani ya kuning'iniza kwenye ugwe na uheshimu kanuni moja bila udhuru: upinde usivutwe kamwe kuzidi kilo 16, hata kama umefika nusu tu ya urefu wa mvuto. Mizani ikisoma kilo 16 katika sentimita 30, maana yake mti bado ni mnene; punguza mikono yote miwili kwa usawa na uvute tena. Wala usiuache upinde umevutwa ubaoni huku ukifikiri. Vuta, tazama, achia.

Ncha zikiweza kushuka sentimita 15 kila moja kwa ulinganifu, fupisha ugwe na uuvike upinde kwa mara ya kwanza. Nafasi kati ya mshiko na ugwe iwe sentimita 13 hadi 15, kiasi cha ngumi iliyosimamishwa kidole gumba. Endelea kusawazisha, ukishuka jino moja moja hadi sentimita 62. Sentimita 3 za mwisho zitajipatia zenyewe katika upigaji wa mwanzo. Mkono utakaokuwa chini unaweza kuwa mgumu kidogo kuliko wa juu; ukivikwa, nafasi kati yake na ugwe iwe pungufu kwa milimita 5 hivi.

Ugwe na mishale

Wahadzabe husokota ugwe kwa kano za wanyama wakubwa. Kwa upinde huu tumia uzi wa poliesta wa mafundi viatu, usio na tabia ya kurefuka. Nailoni ya kawaida hurefuka kila unapovuta na huiba kasi ya mshale, na katani, ingawa inapatikana kirahisi, huchakaa mahali inapokunjwa. Ugwe ustahimili uzito usiopungua mara nne ya nguvu ya upinde. Kwa kilo 16, uzi wa jumla wa kilo 65 au zaidi. Gawa nyuzi mafungu mawili, usokote kila fungu kuelekea upande mmoja na uyazungushe mafungu mawili upande wa pili, ili msokoto usifunguke, kisha upake nta ya nyuki. Upande mmoja fanya kitanzi, upande mwingine funga fundo linaloweza kurekebishwa.

Mishale inastahili mwongozo wake. Itoshe kusema kwamba wa kuanzia usiwe chini ya gramu 25, kwa sababu mshale mwepesi mno huirudishia mikono ya upinde nguvu ambayo ingeondoka nao. Kwa sababu hiyo hiyo, ugwe usiachiwe kamwe bila mshale, hata kwa mzaha; upinde mzuri huweza kuvunjika mkononi kwa kosa hilo moja.

Kumalizia na kutumia

Lainisha kwa msasa tumboni na ubavuni, mgongo uufute tu kwa kitambaa. Paka mafuta ya kitani tabaka tatu au nne, ukiacha kila tabaka likauke, au sugua mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa kama wafanyavyo Wahadzabe, ambayo yanahitaji kurudiwa mara kwa mara. Zungushia mshiko ukanda wa ngozi.

Mishale 20 ya kwanza ipigwe kwa nusu ya mvuto, 20 inayofuata kwa robo tatu, ndipo uvute kikamilifu. Shabaha iwe gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu, nyuma yake pawe na tuta la udongo au ukuta, na njia ya mishale isikatishwe na mtu, kuku wala mbuzi. Ondoa ugwe kila unapomaliza, na uulaze upinde juu ya vigingi viwili. Ukisimamishwa kwenye kona kwa ncha moja hujipinda.

Baada ya kila siku ya kupiga, pitisha kipande cha pamba mgongoni kutoka ncha hadi ncha. Pamba ikinaswa mahali, kuna kibanzi kinachoanza kuinuka. Kikiwa kifupi na kimelala kwa urefu wa nyuzi, tia gundi, kibane usiku mzima, kisha ufunge uzi mwembamba ukizungusha mzingo kwa mzingo na kuulowesha gundi. Ufa unaokata upana wa mgongo hauna tiba: kata ugwe, ukate upinde vipande viwili asije mtoto akauokota na kuuvuta, na urudi kisikini kutazama chipukizi lipi limenenepa.